Dakika tatu hazitoshi ngoma: barua ya wazi kwa viongozi wa halmashauri za Usukumani

Waheshimiwa wenyeviti na madiwani, ndugu wakurugenzi watendaji, na ninyi wanangu maafisa utamaduni,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mtu wa Bagika, mojawapo ya pande mbili zinazoshindana katika ngoma ya Kisukuma. Nimepiga ngoma tangu sijaota ndevu, na kwa miaka mingi sasa naongoza kikundi cha watu 27: wakulima wa pamba na mpunga, mama lishe wawili, fundi baiskeli mmoja, na vijana 6 ambao bado wako sekondari. Sikutumwa na chama chochote. Naandika kwa sababu nimechoka kuona ngoma yetu ikiitwa kila mara na isisikilizwe hata mara moja.

Niwasimulie siku moja. Sitataja halmashauri wala mgeni. Tuliletewa barua yenye mhuri, tufike uwanja wa shule saa 2 asubuhi kumpokea kiongozi. Tulitoka kijijini saa 10 alfajiri, tumesimama juu ya Fuso tulilochangia mafuta wenyewe, ngoma kubwa zimefungwa kamba pembeni. Saa 4 mgeni hajafika. Saa 6 hajafika. Mahema yalikuwepo, lakini yalikuwa ya meza kuu, nasi tukakaa juani. Aliyeishi na ngoma anajua jua linavyoitenda: ngozi inakaza, sauti inapanda mpaka inalia kama bati, na ukizembea inapasuka. Akina mama walivua khanga zao za mabegani wakazifunika ngoma, wao wakabaki na jua kichwani. Msafara uliingia saa 9 kasoro. Mshereheshaji akatukimbilia: "Dakika tatu tu wazee wangu, mgeni ana ratiba."

Tukacheza dakika tatu. Bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, haijulikani kwa dakika tatu. Kwa muda huo mpigaji wa ngoma kubwa hajapata joto mikononi, manju wetu, kiongozi wa nyimbo tunayemwita ningi, hajamaliza hata salamu zake, na majembe hayajaanza kurushwa na kudakwa. Ndiyo kwanza tulikuwa tunaingia kwenye wimbo wenyewe, tukaonyeshwa mkono wa kuacha. Nyumbani tulifika usiku. Kijana mmoja wa kikundi chetu hakuja tena mazoezini. Nilipomfuata kwao aliniuliza: "Babu, kama wakubwa wenyewe hawataki kuiona, mimi naicheza kwa ajili ya nani?"

Siku ile sikuwa na jibu. Jibu ninalo sasa, ila linapitia kwenu.

Wengi wenu mmehamishiwa huku kutoka mikoa mingine, na mtu hawezi kulaumiwa kwa jambo ambalo hakuna aliyemweleza. Kwa hiyo nieleze. Ngoma ya Kisukuma ni mashindano kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Wazee wetu wanasimulia kwamba katika karne ya 19 walikuwepo waganga wawili, Ngika na Gumha, waliobishana nani mwenye dawa kali kuliko mwenzake. Ubishi ukapelekwa uwanjani: kila mmoja acheze na watu wake, na umati ndio uamue. Wafuasi wa Ngika ndio sisi Bagika, wafuasi wa Gumha ndio Bagalu. Mpaka leo ukienda kijiji chochote cha Mwanza, Shinyanga, Simiyu au Geita, ukamuuliza mcheza ngoma ni wa upande gani, atakujibu bila kufikiri, kama anayekutajia ukoo wake.

Na mashindano yenyewe hayafanani na yale mnayoyapanga. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, kila upande na duara lake. Watu wako katikati, miguu yao ndiyo kura. Bagalu wakitoa chatu, watu wanakimbilia kule. Bagika wakibuni mchezo mpya, umati unageuka na vumbi linageuka nao. Mwisho wa siku mshindi anajulikana kwa macho, ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi. Hapahitajiki jaji mwenye karatasi. Kwa sababu hiyo kila kikundi hukaa mwaka mzima kikibuni jambo ambalo wapinzani hawajaliona: vinyago vinavyotembea, wimbo unaowataja wenye tabia mbaya kijijini, mtindo mpya wa kuzungusha jembe. Ubunifu wote huo unazaliwa na hofu moja tu, hofu ya kuachwa peke yako uwanjani umati ukiwa kwa mwenzako.

Sasa fikirini tunapopangwa foleni, kikundi kimoja kimoja, mbele ya meza kuu, tukiwa tumewapa wananchi mgongo kwa sababu uso lazima uelekee kwa mgeni. Hapo ngoma imekufa hata kama mikono inaendelea kupiga. Mwananchi hawezi kuhama na mpinzani hayupo. Kikundi kibovu na kikundi kizuri vinapigiwa makofi sawa. Nimeona vikundi vyenye sifa kubwa vikilegea ndani ya miaka michache kwa kuzoea kazi ya kupokea wageni, kwa kuwa mgeni hapokelewi kwa jambo jipya. Anapokelewa kwa lile lile la mwaka jana, na linakubalika.

Ninachoomba ni siku. Kila halmashauri iwe na siku zake za mashindano ya ngoma, mbili au tatu zinazofuatana, ambazo hazikupachikwa kwenye ziara ya mtu wala kwenye uzinduzi wa kitu kingine. Ziandikwe kwenye kalenda na kwenye bajeti, kwa kifungu chake chenye jina lake.

Hapa kwenye bajeti nitakaa kidogo, maana ndipo mambo yanapokwama. Msimu wa ngoma hatukuupanga sisi, umepangwa na mvua. Mavuno yakiisha, pamba ikianza kununuliwa kuanzia Mei, watu wanapata nafasi na wanapata senti. Kuanzia Juni mpaka Agosti ardhi ni kavu, maghala yana kitu, barabara zinapitika, na mwezi Juni shule zinafungwa, watoto wanaweza kuja. Lakini mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa tarehe 30 Juni. Kwa hiyo msimu unapofunguka sisi tunaambiwa hela za mwaka zimeisha, tusubiri mwaka mpya wa fedha. Mwaka mpya unaanza Julai, fedha zinachelewa kama zinavyochelewa siku zote, na zinapofika watu wameshaanza kuandaa mashamba. Basi zinatumika kwenye semina. Nimelisikia jibu hilo kutoka kwa maofisa watatu tofauti, na nawaamini, sidhani kama walinidanganya. Ndivyo mfumo ulivyo. Lakini kitu kinachojulikana kwamba kitatokea Juni kinaweza kutengewa fedha kwenye bajeti inayoishia Juni, zikashikwa, zisiguswe. Madiwani mnapitisha makisio mapema, kabla ya Bunge la bajeti kuanza Aprili. Hapo ndipo ngoma ingekuwa inaingia, na haiingii kwa sababu hakuna aliyeiweka mezani.

Wala hatuombi kiasi kikubwa. Tunachohitaji ni usafiri wa vikundi kwenda na kurudi, chakula cha siku hizo, maji safi, vyoo, na mtu wa huduma ya kwanza. Ngoma tunazo, nguo tunashona, uwanja ni wa vumbi na tunautaka uwe wa vumbi. Msitujengee jukwaa. Msikodi mahema ya mamilioni. Viti 40 kwa ajili ya wazee na wajawazito vinatosha, wengine watasimama kama walivyosimama babu zao, kwa kuwa aliyeketi hawezi kuhamia duara la pili. Na tafadhali sana, msilete spika kubwa. Kipaza sauti kimoja kikishapewa upande mmoja, au mshereheshaji akishaanza kuzungumza juu ya ngoma, sikio la mwananchi limefungwa. Ngoma zetu zilitengenezwa ili zisikike kijiji cha pili bila umeme.

Nimeambiwa vikundi vya ngoma viombe mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo wanawake wanapata 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Ni mikopo mizuri, na baadhi ya akina mama wa kikundi chetu walishaitumia kwa biashara zao. Lakini mkopo unarudishwa, na mashindano ya ngoma hayauzi tiketi. Yako wazi kwa kila apitaye, ndiyo maana umati unaweza kuamua. Mkishaweka uzio na mlango wa kulipia mmebadilisha kitu kizima. Mapato ya ndani yenyewe yanatoka wapi huku kwetu? Kwa sehemu kubwa ni ushuru wa mazao, na pamba ikiwemo. Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Ilichezwa mashambani, kikundi kikilima shamba la mtu kwa mdundo, mstari mmoja, jembe linapanda na kushuka pamoja. Waliolima pamba hiyo kwa ngoma hiyo wanaomba sehemu ndogo ya ushuru huo irudi uwanjani.

Lipo jambo jingine ambalo husemwa kwa sauti ya chini, nami nitalisema wazi. Baadhi yenu mnaogopa kwamba mashindano ya Bagika na Bagalu yanaleta ushirikina. Sitawaficha: dawa za kuvuta watu zilikuwepo, na jambo lenyewe lilianza na waganga. Wapo wazee ambao mpaka leo hawaingii uwanjani bila kitu chao. Lakini tazameni Bujora, pale Kisesa, nje kidogo ya Jiji la Mwanza. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alifika pale miaka ya 1950 akakuta ubishi huo huo. Hakuifukuza ngoma. Aliiingiza pamoja na nyimbo za Kisukuma katika ibada, akawakusanya waliozijua, na pale pale pakaja kuwa na makumbusho ya Wasukuma, yaliyofunguliwa 1968. Sherehe ya Bulabo, ambayo jina lake linatokana na maua, inafungamana na sikukuu ya Ekaristi, ndiyo maana huangukia kwenye msimu wa Juni. Maandamano ya kanisani yanapita, kisha Bagika na Bagalu wanaingia uwanjani na kushindana kwa siku nyingi. Mkristo anakuja, Mwislamu anakuja, asiye na dini anakuja. Padre mgeni aliweza kutenganisha dawa na ngoma bila kuiua ngoma, na sioni kwa nini halmashauri yenye watoto wetu wenyewe ishindwe.

Kuhusu ugomvi na ulevi, hapo nakubaliana nanyi kabisa. Pombe iuzwe mbali na uwanja, na ulinzi ufanywe na sungusungu wetu pamoja na polisi. Sungusungu walizaliwa huku huku kwetu na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanaijua kazi.

Bulabo ni moja tu, na ni ya mahali pamoja. Kutoka vijiji vya Meatu au vya Kishapu kwenda Kisesa ni safari ya nauli ambayo kikundi cha watu 27 hakiimudu. Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja kwenye tamasha la utamaduni Kisesa, wilayani Magu, machifu wakamsimika na kumpa jina la Hangaya. Nchi nzima ilitutazama siku ile, nami niliona fahari kubwa. Ninachotamani ni heshima ya namna ile ishuke mpaka kwenye kata, ambako hakuna kamera.

Na hili halikuanza jana. Tarehe 10 Desemba 1962, akilihutubia Bunge siku ya kuwa Rais wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuunda wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Aliuliza ni wangapi kati yetu waliofundishwa shuleni nyimbo za Wanyamwezi au za Wahehe. Akasema wengi tumejifunza rumba na chachacha, lakini ni wangapi wanaojua kucheza gombe sugu, mangala, kiduo au lele mama. Tangu hapo tumepata Baraza la Sanaa la Taifa kwa Sheria Na. 23 ya 1984, tukapata Sera ya Utamaduni mwaka 1997, na mwaka 2011 nchi ikaridhia mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, mkataba unaotaka jamii zenyewe zishirikishwe katika kuulinda na kuuendesha. Karatasi zipo. Swali la Mwalimu bado liko hai. Watoto wetu hucheza ngoma kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, yale mashindano ya shule za msingi na za sekondari, na nawashukuru walimu kwa hilo, lakini mara nyingi ngoma hiyo imefundishwa kwa wiki chache kabla ya mashindano na mwalimu aliyejifunza kwenye video. Mtoto anajua hatua, hajui maneno ya wimbo yana maana gani. Manju aliye hai yuko kilomita 2 kutoka shuleni hapo, hajaitwa. Mwiteni, mpeni nauli na heshima, akae na watoto hata Ijumaa moja kwa mwezi.

Wanangu maafisa utamaduni, najua wengi wenu mko peke yenu ofisini, hamna gari, na mkipewa kazi ni kutafuta vikundi vya kupamba mbio za Mwenge. Siwalaumu. Lakini hamhitaji gari kupata daftari. Anzeni kwa kuandika vikundi vilivyopo kata kwa kata: ni vya Bagika au Bagalu, vinacheza nini, manju wake ana umri gani, nani anamrithi. Andikeni na wanaoimba wigashe, ile ngoma ya kuketi ambayo haina vishindo na kwa hiyo haiitwi kupokea mgeni yeyote, ingawa mashairi yake ndiyo yamebeba Kisukuma kilicho safi kuliko hiki tunachozungumza sokoni. Waandikeni Bayeye. Watu wanawaona kama wachezaji wa nyoka tu, lakini ni chama chenye elimu ndefu ya nyoka na ya kumsaidia aliyeumwa. Mabingwa wa mambo haya wanazeeka. Mwaka jana tulizika wawili kwenye kata yetu peke yake, na mmoja alikuwa na nyimbo ambazo hakuna mwingine anayezikumbuka mpaka mwisho. Nilijaribu kuimba mmoja wao matangani. Nilikwama ubeti wa pili, na wote waliokuwepo walinitazama, kila mmoja akitumaini mwenzake anaujua.

Mkishakuwa na daftari hilo, undeni kamati ya mashindano, nusu Bagika nusu Bagalu, afisa utamaduni awe katibu. Kamati ichague uwanja, ipange ratiba, ipokee fedha na kuzitolea hesabu mbele ya mkutano wa hadhara, vikundi vyote vikisikia. Wanawake wawemo, na si kwenye kamati ya chakula peke yake, maana kwenye kikundi changu mpigaji bora kuliko wote ni mama wa watoto watano. Mtu yeyote anayetaka kuturekodi na kuuza video aongee na kamati kwanza. Nyimbo zetu zinauzwa minadani na kuwekwa mtandaoni, manju aliyezitunga hana hata shilingi ya kununua ngozi mpya. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999, tusaidieni kuitumia.

Nanyi waheshimiwa, karibuni sana kwenye siku hizo. Njooni mapema, vaeni viatu visivyoogopa vumbi, simameni katikati ya watu. Mkiona upande mmoja unawavutia, uendeeni. Mkichoka nao, uhameni, hakuna atakayewaona wakorofi. Hotuba ziwe jioni baada ya mshindi kujulikana, na ziwe fupi. Nina hakika kiongozi aliyehama kutoka duara moja kwenda jingine mara kumi kwa siku atawajua wananchi wake kuliko aliyekaa kwenye meza kuu saa nzima.

Nikirudi kwa yule kijana. Bado yuko kijijini, anaendesha bodaboda. Nilimwambia kwamba nitaandika barua hii, na kwamba nikipata jibu nitampelekea. Hakusema atarudi. Aliuliza tu kama Bagalu nao wameambiwa. Nikamwambia wameambiwa. Mwenzangu wa Bagalu, ambaye tumeshindana naye tangu tukiwa vijana, aliisoma barua hii kabla yenu, akaniongezea mambo mawili niliyoyasahau.

Kabla makisio ya mwaka ujao hayajafika kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, tunaomba kila mwenyekiti atupe nusu saa. Kwenye halmashauri yetu tutakuja wawili, mmoja wa Bagika na mmoja wa Bagalu, tukiwa na orodha ya vikundi vya kata zetu, hesabu ya usafiri na tarehe tulizokubaliana. Nauli yetu tutajilipia. Tutakaa benchi moja.

Wenu katika kazi,

Kiongozi wa kikundi cha Bagika, Usukumani